Mtoto ambaye mzazi wake yuko gerezani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuendesha programu ya washauri Mombasa

Majibu haya ni ya vikundi vya mitaa, misikiti, makanisa na shule za Mombasa zinazotaka kuwaunganisha watu wazima wa kujitolea na watoto ambao baba au mama amefungwa au yuko rumande. Humu ndani, mshauri ni yule mtu mzima anayejitolea. Mlezi ni anayeishi na mtoto, mara nyingi nyanya, shangazi au mama mdogo. Mratibu ni anayesimamia jozi zote, yaani kila mshauri na mtoto wake.

Programu kama hii hufanya nini hasa?

Humpa mtoto mmoja mtu mzima mmoja, wa kuonana naye saa moja na nusu hadi saa mbili kila wiki, kwa muda usiopungua miezi 12. Si tuisheni, si mgao wa chakula, wala si matibabu ya akili. Hayo yakihitajika, mratibu humpeleka mtoto yanakopatikana.

Mtoto huyu ameshaondokewa na mtu mzima bila kuagwa. Baba alitoka asubuhi kwenda kazini na hakurudi, au polisi walibisha usiku na mama akachukuliwa huku watoto wakitazama. Anachohitaji ni mtu anayesema "Jumamosi saa tisa" na Jumamosi saa tisa akawa pale, wiki hii, wiki ijayo na mwezi wa kumi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 uliwafuatilia vijana wenye washauri ukaona jambo ambalo kila mwanzilishi anapaswa kulijua: waliokaa na mshauri mwaka mzima au zaidi ndio walionufaika zaidi, na wale ambao uhusiano wao ulivunjika mapema sana walirudi nyuma katika mambo kadhaa, likiwemo namna wanavyojithamini. Kwa hiyo kuanza na kuacha kunaumiza. Karibu kila ushauri ulio hapa chini unatokana na hilo.

Tuanze na watoto wangapi?

10. Kikundi kinachoanza na watoto 60 kwa sababu mfadhili anataka idadi kubwa huweza kuishia na jozi chache zilizo hai na watoto wengi waliovunjwa moyo mara ya pili. Mratibu mmoja wa muda wote anaweza kubeba jozi 20 hivi. Akiwa wa kujitolea mwenye kazi nyingine, zisizidi 8 hadi 10.

Tutawapata wapi watoto wenyewe?

Mlango bora ni mzazi mwenyewe aliye ndani. Gereza la Shimo la Tewa, lililoko Shanzu kabla ya daraja la Mtwapa, lina sehemu ya wanaume, ya wanawake na taasisi ya Borstal, ya kurekebisha wavulana waliokosea sheria. Andikeni barua kwa mkuu wa gereza husika mkieleza mnachofanya, nani anawajibika na jinsi mtakavyolinda watoto, kisha mwombe kuzungumza na ofisi ya ustawi wa wafungwa. Kasisi na imamu wanaohudumu gerezani husaidia pia, kwa kuwa wafungwa huwaeleza mambo ya nyumbani ambayo hawamwambii askari. Mzazi anayekubali hujaza fomu ya ukurasa mmoja: jina la mtoto, anaishi na nani, mtaa gani, na nini mtoto ameambiwa kuhusu mahali alipo mzazi. Swali hilo la mwisho msilisahau. Linaamua mengi.

Njia ya pili ni afisa wa watoto wa kaunti ndogo yenu: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe au Jomvu. Huyu mtamhitaji hata hivyo, kwa hiyo mjulisheni kabla ya kuanza, msisubiri tatizo. Mahakama ya watoto ya Tononoka na maafisa wa probesheni (wanaosimamia waliopewa kifungo cha nje) nao hukutana na familia hizi kila siku.

Msipite nyumba kwa nyumba na mzee wa mtaa mkiuliza nani ana mtu jela. Mtaa mzima utajua kufikia jioni. Kuna baba aliyefungwa kwa kumjeruhi jirani, na mtoto wake anakaa darasa moja na mtoto wa yule aliyejeruhiwa.

Ridhaa tunaihitaji ya nani?

Ya mlezi anayeishi na mtoto, kwa maandishi. Ya mzazi aliye gerezani pia, kila inapowezekana. Kufungwa hakumwondolei mtu uzazi, na mzazi aliyepitwa kando hubomoa kazi yote kwa simu moja: "Huyo mtu simjui, asije tena." Na ya mtoto mwenyewe. Mtoto wa miaka 9 anayesema hataki, asilazimishwe. Rudini baada ya miezi kadhaa.

Pale mzazi alipofungwa kwa kumdhuru mtoto huyohuyo au mzazi mwenzake, msiombe ridhaa yake wala msimpelekee habari za mtoto kabla ya kuongea na afisa wa watoto.

Programu tuipe jina gani?

Lolote lisilotaja gereza, wafungwa, jela wala matumaini ya waliopotea. Jina litakuwa kwenye barua zinazofika shuleni, kwenye simu ya mlezi na midomoni mwa watoto. Fulana zenye maandishi ya "mtoto wa mfungwa" kwa namna yoyote ile ni marufuku, na picha za watoto kwa ajili ya ripoti ya mfadhili vilevile. Mkitaka picha, pigeni ya mikono inayocheza bao.

Njia iliyo salama ni kuchanganya. Iwapo watoto 3 kati ya 10 wana sababu nyingine, yatima kwa mfano, hakuna jirani anayeweza kusema kila anayeonekana na mshauri wenu ana mtu ndani.

Mtoto ameambiwa mama yuko Saudia. Tufanye nini?

Hili ndilo jambo litakalowasumbua zaidi Mombasa. Wanawake wengi wa hapa huenda kweli Ghuba kufanya kazi za nyumbani, kwa hiyo uongo huo unaaminika haraka. Baba naye huwa "yuko melini" au "amepata kazi Nairobi". Nyanya anayesema hivyo hana ubaya. Anamkinga mtoto asizomewe.

Lakini fikiria upande wa mtoto. Rafiki yake ambaye mama yake yuko Saudia kweli anapigiwa simu ya video kila Ijumaa na kutumiwa viatu Idi ikifika. Yeye hapigiwi, hatumiwi kitu. Anachoelewa ni kwamba mama amemsahau. Kisha siku moja, kwenye foleni ya maji, mtoto mwenzake anamwambia, "Mamako yuko Shimo." Hapo anapoteza vitu viwili kwa mpigo: mama wa Saudia, na imani kwa nyanya.

Mshauri hana ruhusa ya kufichua. Wala hana ruhusa ya kuongeza uongo: asibuni habari za Saudia, asiseme "mama atakuletea". Mtoto akimuuliza ana kwa ana, ajibu: "Hilo ni la nyanya kukueleza. Nitamwambia umeuliza." Kisha amwambie mratibu siku hiyohiyo. Mratibu ndiye anayekaa na mlezi, bila haraka, pengine mara tatu au nne, mpaka mlezi awe tayari kusema mwenyewe. Wapo watakaokataa. Mkikubali kumchukua mtoto huyo, washauri wote wajue hali ilivyo, na asipangwe kwenye shughuli moja na watoto wanaozungumzia gereza waziwazi.

Mlezi akikubali kusema, aseme nini?

Maneno machache, mchana, nyumbani, si njiani wala usiku kabla ya kulala. Kwa mtoto wa miaka 7: "Mama hayuko Saudia. Alifanya jambo ambalo sheria hairuhusu, na mahakama ikasema akae kwa muda mahali panapoitwa gereza. Anakula, analala, anakufikiria. Si kwa sababu ya chochote ulichofanya wewe. Mimi nitakuwa hapa." Mambo ya lazima ni matatu: alipo mzazi, kwamba mtoto hana kosa, na nani anamlea sasa. Maelezo ya kosa lenyewe yaweza kungoja, ila mtoto wa miaka 13 atayatafuta kwenye simu akiyakosa nyumbani, kwa hiyo mkubwa aambiwe zaidi.

Kama mzazi bado yuko rumande, msiseme "alifanya". Hajahukumiwa. Semeni: "Polisi wanasema alifanya kosa, na hakimu bado anasikiliza."

Swali la "ni kwa sababu yangu?" mara nyingi mtoto haliulizi kwa mdomo. Wapo wanaoamini baba alikamatwa kwa sababu waliomba viatu vya shule naye hakuwa na pesa. Semeni jibu hata bila kuulizwa, na mlirudie.

Nani anafaa kuwa mshauri?

Mtu mwenye ratiba yake mkononi. Mwalimu aliyestaafu, fundi cherehani mwenye kibanda chake, mama wa duka, karani wa bandari anayejua zamu zake mapema. Wanafunzi wa chuo ni wachangamfu na watoto huwapenda, lakini aliye mwaka wa mwisho atahitimu na kurudi kwao, na wengine hutoweka kila likizo. Kijana anayefuatilia viza ya kwenda Qatar ana haki ya kutafuta riziki, ila asipewe mtoto. Muulizeni kila mwombaji waziwazi: "Miezi 12 ijayo, kuna uwezekano gani wa kuhama Mombasa?" Kisha mwangalieni usoni anapojibu.

Wavulana wengi watahitaji mwanamume, na wanaume wanaojitolea ni wachache. Waombeni misikitini na makanisani kwa jina, mmoja mmoja. Tangazo la jumla huleta wanawake wengi na wanaume wachache.

Aliyewahi kufungwa mwenyewe je? Anaweza kuwa mshauri bora kuliko wote, ikiwa kosa lake halikuhusu mtoto wala ukatili wa kimwili, na ikiwa ametulia nyumbani kwa muda wa kutosha kuonekana. Amueni kwa kikao, si kwa huruma wala kwa hofu.

Tunawachuja vipi?

Hatua zote zifuatwe kwa kila mtu, hata awe imamu, padri au dada yake mwenyekiti. Kwanza fomu na nakala ya kitambulisho. Pili cheti cha mwenendo mwema kutoka idara ya upelelezi, kinachoombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kufuatiwa na alama za vidole. Tatu wadhamini watatu wasio ndugu, na mratibu awapigie simu kweli. Barua ya mdhamini haitoshi kwa sababu kila mtu ana rafiki anayejua kuandika. Nne mahojiano ya saa moja yanayofanywa na watu wawili. Tano kumtembelea nyumbani.

Cheti safi kinaonyesha tu kwamba mtu hajahukumiwa. Anayewinda watoto mara nyingi hajawahi kushtakiwa. Kwa hiyo sikilizeni zaidi mahojiano: jihadharini na anayetaka mtoto wa umri fulani mahususi, anayeharakisha, anayelalamika kwamba sheria ya kukutana mahali pa wazi "inaharibu urafiki", au asiye na rafiki yeyote wa rika lake.

Mafunzo yachukue muda gani?

Saa 12, Jumamosi mbili, kabla ya mshauri kumwona mtoto. Nusu ya kwanza ni maarifa: mtoto huonyeshaje huzuni (hasira, kukojoa kitandani, kutoroka shule, au kuwa mwema kupita kiasi), sheria za usalama, mipaka ya pesa. Nusu ya pili ni mazoezi ya kuigiza. Mmoja awe mtoto anayenyamaza dakika 20, mwingine awe nyanya anayeomba karo, mwingine awe jirani anayeuliza "Huyu mtoto ni wa nani kwako?" Jibu la jirani lifanyiwe mazoezi mpaka litoke bila kigugumizi: "Ni rafiki wa familia." Wapo watakaoacha baada ya mafunzo na kabla ya kupewa mtoto, na hiyo ni faida. Waacheni waende.

Tunaoanishaje?

Mtaa kwanza. Mshauri wa Mikindani na mtoto wa Mtongwe ni ndoto: matatu, feri ya Likoni, matatu nyingine, na mvua ya Mei ikija wote wawili wanakata tamaa. Watoto wa Bombolulu wapewe washauri wa Kongowea au Kisauni, wa Chaani wapewe wa Magongo au Changamwe. Baada ya mtaa, angalieni jinsia (mvulana kwa mwanamume, msichana kwa mwanamke, bila kuvunja sheria hii), kisha lugha ya nyumbani, kisha wanachopenda.

Dini? Ulizeni mlezi, na mheshimu jibu lake. Hata dini zinapotofautiana kwa ridhaa ya mlezi, mshauri hahubiri.

Ndugu wawili wa nyumba moja wapate washauri kwa wakati mmoja, kila mmoja wake. Mkimchukua mmoja tu, mnaingiza vita ndani ya nyumba ya nyanya.

Siku ya kwanza iweje?

Nyumbani kwa mlezi, mratibu akiwepo, kwa dakika 40. Mshauri aingie na shikamoo, avue viatu mlangoni, akae anapoonyeshwa. Aongee na mlezi kwanza, si na mtoto. Mtoto anatazama kama nyanya amemkubali mgeni huyu. Asilete zawadi. Alete kitu cha kufanya: karata, kamba ya kuruka, mpira. Mtoto akijificha nyuma ya pazia, mshauri acheze na kilicho mkononi bila kumwita.

Kabla ya kuondoka, mkae wote wanne na mpange siku na saa ya kudumu, iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani. Mtoto achague atamwitaje: kaka, dada, anko au anti. Asimwite baba wala mama, hata akitaka. Mama yupo.

Wakutane wapi na saa ngapi?

Jumamosi au Jumapili alasiri ndizo saa zinazofaa wengi, kwa kuwa asubuhi ina madrasa au kanisa. Mtoto awe nyumbani kabla ya magharibi. Mwezi wa Ramadhani punguzeni hadi saa moja, baada ya alasiri, au mualikane futari kwa mlezi. Msisimamishe mwezi mzima, maana mtoto atahesabu zile wiki nne.

Mahali pawe pa wazi, penye watu: uwanja wa shule, maktaba ya umma mjini, bustani ya Mama Ngina, baraza ya nyumba ya mlezi. Pasiwe: nyumbani kwa mshauri, ndani ya gari lenye vioo vyeusi, gesti, wala kuogelea baharini, hata kama mshauri anajua kuogelea. Safari yoyote ya kuvuka feri au kutoka mjini iwe na kibali cha maandishi.

Miezi mitatu ya kwanza, fanyeni kitu kwa mikono. Kusukuma mahamri, kuziba pancha ya baiskeli, kucheza bao. Mtoto anayeulizwa maswali ana kwa ana hufunga mdomo. Mtoto anayemenya viazi vya karai kando yako huanza kuzungumza mwenyewe, akiwa ameangalia kisu. Mshauri asianze habari za mzazi. Zikianza, asizikimbie.

Simu na WhatsApp: ujumbe upitie simu ya mlezi, na usitumwe baada ya saa mbili usiku.

Mlezi anaomba pesa. Tumpe?

Mshauri asitoe, kamwe, hata shilingi 50 za mkate. Ni sheria ngumu, kwa sababu njaa ni ya kweli: aliyefungwa mara nyingi ndiye aliyekuwa analeta chakula. Lakini siku mshauri anapotoa anageuka mfadhili, na siku asiyokuwa nacho anaona haya kwenda. Jozi nyingi hufa hivyo, kimyakimya. Nyanya naye huanza kumlazimisha mtoto awe mzuri kwa mgeni ili msaada usikatike.

Maombi yote yaende kwa mratibu, naye awe na orodha ya milango ya kugonga: fomu za basari ya NG-CDF (mfuko wa maendeleo wa eneo bunge) na za kaunti, mpango wa chakula wa msikiti au kanisa la jirani, ofisi ya chifu kwa barua. Kumsaidia nyanya kujaza fomu ya basari ni msaada mkubwa kuliko shilingi 500. Kitafunio cha pamoja kinaruhusiwa: mabuyu, kachiri, dafu la kugawana.

Gharama ni kiasi gani?

Kubwa ni nauli. Tuseme kwenda na kurudi ni shilingi 200 kwa mtu. Jozi 20, mara 4 kwa mwezi, watu 2: shilingi 32,000 kila mwezi. Mkioanisha kwa mtaa, watu wakatembea kwa miguu, sehemu kubwa ya fedha hiyo inabaki. Kitafunio cha shilingi 100 kwa kila mkutano ni 8,000. Ongezeni posho ya mratibu, simu na dharura. Msianze kabla ya kuwa na fedha za miezi 12 ya jozi mtakazoanza nazo, benki, si ahadini.

Kujisajili kama kikundi cha jamii, kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii, kunahitaji watu wasiopungua 10 na katiba. Bila usajili gereza na shule hazitawapokea.

Je, mshauri ampeleke mtoto kumtembelea mzazi?

Mlezi ndiye anayempeleka. Mshauri anaweza kuandamana nao, na programu inaweza kulipa nauli, ambayo kwa familia ya Likoni au Jomvu ndiyo sababu kuu ya kutokwenda. Mkataba wa haki za mtoto ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990 unampa mtoto aliyetenganishwa na mzazi haki ya kuendelea kuwasiliana naye, isipokuwa mawasiliano hayo yanamdhuru.

Ulizeni ofisi ya ustawi kabla: siku za kutembelea, karatasi za kubeba, nini kinaruhusiwa kuingia. Utaratibu wa rumande na wa waliohukumiwa si mmoja. Ulizeni pia kuhusu siku maalum za familia, ambazo mtoto huweza kukaa na mzazi na kumgusa. Hizo zina thamani kuliko ziara kumi za kuongea kupitia kizuizi.

Mwandaeni mtoto siku moja kabla: kutakuwa na lango, askari, upekuzi, benchi la kungoja muda mrefu, mzazi atakuwa na sare, huenda amekonda, na muda utakuwa mfupi. Achague kitu kimoja cha kumwambia mzazi. Kungoja ndiko kunakovunja watoto, kwa hiyo bebeni maji na kalamu za rangi.

Siku mbili tatu baadaye mtoto huenda akapigana shuleni au akakojoa kitandani. Walezi wengi wakiona hivyo husema "tusimpeleke tena". Waelezeni kwamba ni huzuni inayotoka, na aghalabu hupungua kadiri ziara zinavyozoeleka. Ikizidi wiki kadhaa, atafutiwe mnasihi.

Mtoto anauliza, "Atarudi lini?"

Msitaje tarehe. Sheria ya Kenya humpa mfungwa mwenye nidhamu msamaha wa theluthi moja ya kifungo kinachozidi mwezi mmoja, kwa hiyo miaka 6 huweza kuwa 4, lakini wa maisha na wa wizi wa kutumia nguvu hawamo. Rufaa huweza kubadilisha kila kitu, na kifungo cha hadi miaka 3 mahakama inaweza kukigeuza kuwa huduma kwa jamii. Aliye rumande ndiye hatabiriki kabisa: kesi huahirishwa, dhamana hupatikana ghafla. Jibu: "Hatujui bado. Tukijua, nyanya atakwambia."

Tukishuku mtoto anadhulumiwa?

Mshauri hachunguzi, hamuulizi mtoto maswali mengi, haahidi siri. Anasema: "Umefanya vizuri kuniambia. Nitamwambia mtu anayeweza kusaidia." Anampigia mratibu papo hapo, na mratibu anamjulisha afisa wa watoto au dawati la jinsia polisi siku hiyohiyo. Simu 116, ya kusaidia watoto, ni ya bure, hata usiku.

Akiwa amenajisiwa, hospitali kwanza. Coast General ina kituo cha kuwahudumia walioathiriwa. Dawa za kuzuia VVU zinafanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Asiogeshwe, nguo zisifuliwe. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Msikubali familia zikae kuyamaliza nyumbani.

Tuandike nini na tufiche nini?

Sheria ya kulinda data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kuhifadhi taarifa za mtoto. Kila mtoto apewe namba. Jina na namba vikae kwenye daftari moja, kabatini, kwa kufuli. Kosa la mzazi msiliandike popote isipokuwa linahusu usalama wa mtoto. Kesi za ugaidi zina unyeti wa pekee hapa Pwani, na karatasi moja iliyopotea huweza kuifuata familia miaka.

Mshauri ajaze mistari mitatu baada ya kila mkutano: tarehe, walifanya nini, kuna la kuhofia. Mratibu ampigie mshauri na mlezi mara mbili mwezi wa kwanza, kisha kila mwezi. Kipimo chenu kikuu kiwe jozi ngapi bado ziko hai miezi 12 baadaye. Msipime kwa alama za mtihani.

Ni kweli watoto hawa wengi wao huishia jela?

Takwimu inayozungushwa, kwamba uwezekano wao ni mara sita ya wengine, haina utafiti thabiti nyuma yake. Msiiweke kwenye maombi ya fedha. Watoto husoma mabango.

Watoto wanaoishi gerezani na mama zao?

Sheria inaruhusu mtoto kukaa na mama hadi miaka 4. Akitoka, hajazoea magari, mbwa wala wanaume wengi. Huyu hahitaji mshauri. Anahitaji mlezi aliyezoeshwa kwake miezi kabla ya kutoka. Ongeeni na ofisi ya ustawi ili mlezi huyo amtembelee mara kwa mara mapema, na mshauri aje akifika miaka 7 au 8.

Mshauri analazimika kuondoka. Tufanyeje?

Atoe notisi ya mwezi mmoja. Amwambie mtoto mwenyewe, ana kwa ana, na sababu ya kweli. Wafanye mikutano mitatu ya kuaga, wa mwisho uwe na kitu cha kubaki nacho mtoto: barua, si simu wala pesa. Mshauri mpya asiletwe wiki inayofuata; mratibu mwenyewe ashike ile saa ya Jumamosi kwa mwezi mmoja au miwili. Mshauri aliyekwishatoweka bila kuaga aandikiwe, apigiwe, aombwe aje mara moja tu. Akikataa, mratibu aende amwambie mtoto: "Hatakuja tena. Hujafanya kosa."

Na mzazi akirudi nyumbani?

Wengi hudhani kazi imeisha. Hapo ndipo miezi migumu inapoanza. Mtoto aliyemngoja baba miaka 4 anakuta mtu mgeni anayetoa amri. Baba naye anakuta mwanawe ana "anko" anayejua timu anayoshangilia kuliko yeye, na wivu huo ni wa haki.

Anzeni kabla ya kutoka: mshauri aandike barua fupi kwa mzazi, kupitia ofisi ya ustawi, ajitambulishe na aseme mambo mawili mazuri ya mtoto. Akitoka, mratibu amtembelee wiki ya kwanza, na mshauri aombe ruhusa upya kwake, kwa adabu ileile aliyoingia nayo kwa nyanya. Mkutano wa kwanza wawe watatu. Wiki sita za mwanzo mshauri afupishe saa lakini asiikose siku. Mtoto akisema anataka kwenda na baba Jumamosi hiyo, aende. Mshauri apite tu kusalimia na kusema atakuja wiki ijayo. Endeleeni angalau miezi 6 baada ya mzazi kurudi, na mzazi akiomba mpunguze, punguzeni hadi mara mbili kwa mwezi kabla ya kuacha. Akikamatwa tena, na hutokea, mshauri afike siku hiyohiyo hata kama si Jumamosi.